Mama Uhamisho na Mizani za Ikuti

Kwenye mlango wa ofisi yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Uhamisho wa Mabadiliko", na karatasi hiyo ilimletea wageni ambao hakuwaita. Walimu wa shule za msingi walipanda ngazi zetu na viatu vimejaa tope la Tukuyu, wakaketi kwenye benchi, wakaanza kueleza kwamba mume yuko Mbeya na mke yuko huku, mtoto anaumwa kifua kwa baridi, basi wanaomba wahamishwe. Hakumkatiza hata mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mimi nahamisha programu za kompyuta. Watu siwezi. Ofisi ya elimu iko kule chini." Wengine walidhani anawazungusha, wakaahidi kurudi na kuku.

Ndivyo alivyopata jina la Mama Uhamisho. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni kila siku, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia.

Kampuni yetu ya chai ilikuwa mali ya umma, kisha ikauzwa kwa watu wa mbali, miaka ile viwanda vingi vilipouzwa. Wamiliki wapya walikuja na kompyuta zao, ila zile za zamani hawakuzitupa. Kiwandani ikabaki mashine moja yenye skrini nyeusi na herufi za kijani, iliyotunza majina ya wakulima na majani waliyoleta. Ofisini ukaletwa mfumo mpya wa hesabu ambao seva yake ilikuwa Dar es Salaam, tukiufikia kwa dishi lililofungwa juu ya paa. Na kwenye mabanda ya kununulia majani, Mpuguso, Ikuti na kwingineko, zikaletwa mizani za umeme zenye kumbukumbu ndani yake. Vitu hivyo vitatu vilitengenezwa na watu wasiojuana. Ili visikilizane, ziliandikwa programu ndogo za kupeleka taarifa kutoka kimoja kwenda kingine. Tuliziita madaraja.

Kila mtu alitaka kubadilisha kitu. Mhasibu alitaka hati ya malipo iwe hivi, kiwanda kilitaka ripoti iwe vile. Badiliko lilitengenezwa kwanza kwenye mashine za majaribio, mimi nikalijaribu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Likipita, Mama Uhamisho alilifunga kwenye kifurushi, akakipa namba, akakihamishia laivu, yaani kwenye mifumo ambayo watu wanaitumia kwa kazi ya kweli. Yeye ndiye aliyeamua kipi kitangulie, kipi kifuate, na kipi kisiende kabisa.

"Hiki kina ndugu?" ndilo lilikuwa swali lake. Alikuwa na maana ya kifurushi. Kama badiliko la mizani lilihitaji badiliko lingine kiwandani, hayo yalikuwa ndugu, na kwake ndugu walisafiri pamoja au walibaki pamoja. Mafundi wa Dar es Salaam walimchoka. Mmoja alipiga simu akitaka neno moja tu kwenye karatasi ya mshahara libadilishwe, na Mama Uhamisho akamwuliza nani mwingine analisoma neno hilo. "Mama, ni neno moja," fundi akasema. "Nimekusikia. Nani analisoma?" Lile neno lilisubiri mwezi mzima.

Ungemwona kazini ungedhani maisha yake yote yamepangwa hivyo. Sivyo. Meza yake ilikuwa jalala. Sweta alilivaa nje ndani mara nyingi, na tulipomwambia alicheka, akasema litakauka vizuri zaidi. Yule aliyemzuia meneja wa fedha asipitishe kifurushi chake kabla ya zamu, buchani alipita mbele ya watu wote na kunyoosha mkono juu ya kaunta. Nilimwuliza siku moja, kwa utani, mbona hapangi foleni. "Mimi nina haraka, mdogo wangu," akanijibu, wala hakuona kuna cha kueleza zaidi.

Lakini kilichokuwa kikubwa kwake kuliko haraka ni woga wa aibu. Sijaona mtu mzima aliyeiogopa aibu namna ile. Kwaya yao ilipoimba kanisani, aliingia ubeti kabla ya wenzake, akasikika peke yake kanisa zima. Kosa dogo, watu walitabasamu tu. Yeye alihama kwaya. Alimsalimia bwana mmoja pale stendi akidhani ni mume wa mwenzetu wa stoo, akamwuliza habari za watoto, kumbe siye. Tangu hapo alipotaka kwenda posta alizunguka nyuma ya soko, kwenye utelezi, asipite stendi. Alikuwa akituhadithia mambo haya mwenyewe na kucheka, huku mkono mmoja umefunika macho.

Kisha ikaja habari ya namba za wakulima.

Wamiliki walitaka kila mkulima apewe namba mpya na kadi mpya. Badiliko hilo lilikuwa na ndugu watatu: orodha ya kiwandani, daraja la kupeleka orodha hiyo, na mizani zenyewe. Mizani ikipokea programu mpya ilifuta orodha ya zamani, ikangoja orodha mpya iletwe na daraja. Nilijaribu yote. Mizani ilikuwa sawa, kiwanda kilikuwa sawa. Daraja likakwama. Lilipeleka majina ya mabanda ya kwanza, kisha likanyamaza kama limeshiba.

Niliingia kwake Ijumaa kumweleza, nikamkuta meneja mkuu amesimama dirishani. Wageni kutoka kwa wamiliki walikuwa wanafika Jumatatu kuona mizani mpya zikifanya kazi.

"Daraja limekwama," nikasema.

"Na mizani zenyewe?" meneja akauliza.

"Zenyewe zinafanya kazi."

"Basi wageni waone mizani. Daraja mtalitengeneza kesho na keshokutwa."

Mama Uhamisho akasema, "Naomba wiki moja, bosi. Hivi haviwezi kuachana."

"Mama, wiki moja wageni watakuwa wamesharudi kwao. Kila siku unatuambia haviwezi, haviwezi. Watu wanaanza kuuliza kama wewe ndiye uliyekwama."

Aliyasema bila ukali, karibu kwa huruma, lakini aliyasema mbele yangu, na mlango ulikuwa wazi na makarani wawili walikuwa nje. Nikaona uso wa Mama Uhamisho ukibadilika. Aliangalia karatasi zake, akazisogeza bila sababu.

"Sawa," akasema. "Mizani zitangulie."

Alikuwa na mpango. Fundi wa Dar es Salaam angetengeneza daraja Jumamosi, angelituma kwa dishi Jumapili, na Jumatatu mabanda yangefunguliwa majina yote yameshafika. Jumapili mvua ya Rungwe ikanyesha kama ilivyozoea, mawingu yakalala juu ya paa, dishi likapoteza mawasiliano. Jumatatu aliwahi kufika ili azizuie mizani, zilizokuwa zimerudishwa kiwandani kutiwa programu mpya, zisitoke. Magari yalikuwa yameshaondoka. Siku hiyo yalitoka mapema kwa sababu ya wageni.

Wageni walipelekwa Mpuguso. Majina ya Mpuguso, banda la kwanza kwenye orodha, yalikuwa yamefika, mizani ikasoma kadi, watu wakapiga makofi. Majina ya Ikuti hayakuwa yamefika hata moja.

Kwetu ni Ikuti. Baba yangu alikuwa na shamba la chai mteremkoni chini ya migomba, na jambo alilojivunia ni kwamba majani yake hayajawahi kurudishwa. Siku hiyo, wala yeye mwenyewe hakunisimulia, nimesimuliwa na majirani, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Karani wa mizani alipitisha kadi, akatazama, akapitisha tena.

"Mzee, mashine inasema haupo."

"Niko hapa," baba akajibu.

"Naona uko hapa, mzee. Kwenye mashine haupo."

"Niko hapa," baba akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kama vile tatizo ni mashine kutosikia. Nyuma yake watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa hawajajua bado kwamba na wao hawapo.

Karani hakuruhusiwa kupima kwa mizani ya zamani na kuandika kwa mkono. Wamiliki walikataza kwa sababu ya wizi wa miaka iliyopita. Wakulima wakangoja. Majani mabichi hayangoji. Yakirundikana yanapata joto, yanageuka rangi ya kutu, na kiwanda hakiyataki tena. Kufikia alasiri Ikuti nzima ilikuwa inamwaga majani kando ya barabara, na baba alimwaga ya kwake mwenyewe, akakung'uta kikapu, akaenda nyumbani bila kuaga.

Nilipoteremka Ikuti mwisho wa wiki ile, marundo yalikuwa bado pale, yamelowa na kuanza kunuka. Nilivua kitambulisho changu cha kazi nikakitia mkobani. Watu walinijua hata bila kitambulisho. Hawakunitukana. Walinisalimia kwa adabu kamili, kama wanavyomsalimia mgeni, nami nikatamani wangenitukana.

Kampuni iliamua kwamba ilikuwa hitilafu ya mtandao. Bwana shamba akatumwa kuwaeleza wakulima hivyo kwenye mkutano, uwanja wa shule, na Mama Uhamisho akapelekwa kukaa mezani pembeni yake, ili ionekane ofisi imekuja. Nilikuwa nimesimama nyuma na akina mama. Bwana shamba alieleza habari za mtandao vizuri, akataja mvua, akataja dishi. Watu walikuwa wanaanza kukubali. Mvua wanaijua.

Ndipo Mama Uhamisho aliposimama. Hakuwa ameitwa kusema.

"Mugonile," akawasalimia, na wazee wakaitikia. Kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Si mtandao. Mtandao ulikatika, ni kweli, lakini mizani zilipelekwa kabla majina yenu hayajafika, na mimi ndiye niliyeruhusu zipelekwe. Nilijua haifai. Majani mliyomwaga, mimi ndiye nimeyamwaga. Naomba mnisamehe."

Bwana shamba akatazama chini. Mzee mmoja akauliza kwa nini aliruhusu kama alijua, na hapo nilidhani atamtaja meneja. "Niliona aibu kukataa," akasema.

Nimefikiria sana jibu lile. Watu wengi pale hawakulielewa. Mimi nililielewa, kwa sababu nilikuwa ndani ya chumba kile siku ya Ijumaa, na hata sasa nikilikumbuka nahisi joto usoni kwa niaba yake, na kwa niaba yetu sote tuliokula mshahara wa kampuni ile.

Baba hakwenda mkutanoni. Alisema ana kazi ya kufunga ng'ombe.

Wiki iliyofuata, saa nne, tukiwa kwenye chai pale kantini, dereva mmoja alikuwa anasimulia mambo ya Ikuti. Alikuwa hodari wa kuiga. Aliinua kadi ya kufikirika, akakaza shingo, akasema kwa lafudhi ya wazee wa kwetu, "Niko hapa! Niko hapa!" na meza nzima ikaangua kicheko. Kumbe hadithi ya yule mzee ilikuwa imeshazunguka kiwanda kizima.

"Yule ni baba yangu," nikasema.

Sikusema kwa hasira. Dereva akabaki na mkono juu. Mtu mmoja akaanza kukoroga chai yake, na wengine wakafuata kukoroga, mpaka ikawa vijiko tu vinasikika. Dereva akasema, "Samahani, dada, sikujua," na alikuwa na aibu kweli; mpaka naondoka kampuni ile hakuweza kunitazama vizuri. Lakini uso ninaoukumbuka ni wa Mama Uhamisho. Alikuwa ameketi mwisho wa meza, na kicheko kile, nilikuwa nimekiona, kilikuwa kimemgusa na yeye pia, kona ya mdomo ilikuwa imeanza kupanda.

Mchana alikuja kwenye meza yangu. "Sikujua kwamba ni baba yako."

"Ungejuaje, mama."

"Jumapili nitakuja kumsalimia. Nyumbani kwake. Mwambie."

Nilimwambia. Mama yangu akapika. Baba akavaa koti lake la kanisani, akaketi nje akitazama njia mpaka jua likashuka nyuma ya migomba. Mama Uhamisho hakuja. Jumatatu aliniambia mvua ilikuwa kubwa, ingawa mvua ilikuwa ya kawaida, na kwamba atakuja Jumapili nyingine. Jumapili nyingine mama alipika kidogo. Baba hakuvaa koti. Baada ya hapo Mama Uhamisho hakutaja tena, nami sikumkumbusha, kwa sababu niliona anavyohangaika nikipita karibu naye. Hilo ndilo jambo lake ambalo sijawahi kulipatanisha. Aliweza kusimama mbele ya Ikuti nzima na kujitaja, akashindwa kuingia ua mmoja.

Daraja lilitengenezwa, majina yakafika. Bwana shamba alizunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha kadi. Kwetu baba alimwambia, "Andika jina la mke wangu. Mimi sipo." Bwana shamba alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tangu siku ile mama yangu ndiye aliyebeba kikapu kwenda bandani. Baba alichuma, alilima, alipalilia, lakini kwenye mstari ule hakusimama tena mpaka alipokufa.

Mama Uhamisho naye aliondolewa. Meneja hakupenda yaliyosemwa uwanjani. Alipelekwa stoo, kuhesabu magunia ya mbolea na vipuri. Wafanyakazi walifurahia sana kwamba aliyekuwa akihamisha amehamishwa, na utani huo ukadumu muda mrefu kuliko alivyodumu yeye. Siku moja nilipita stoo nikamkuta ameketi juu ya gunia, sweta nje ndani. Sikumwambia habari za sweta. Muda si mrefu akaacha kazi, akarudi kwao Mpuguso, na mimi nikahamia Mbeya, kwenye taasisi nyingine, ambako baadaye nilikabidhiwa kazi kama ile yake.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, soko la Tukuyu, kwenye maharage. Alikuwa amekonda, mvi zimetokeza chini ya kilemba. Aliniona kabla sijamwona, maana nilipogeuka alikuwa ameshaanza kujipenyeza katikati ya vikapu aende upande wa pili. Kisha akasimama. Akarudi.

"Mugonile, mama," nikamsalimia.

"Ndaga, mdogo wangu." Alinishika mkono, hakuuachia. Tuliulizana habari za kazi. Nilimweleza ninachofanya Mbeya, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi aliyowahi kuishi. Kisha akavuta pumzi.

"Na baba? Anaendeleaje?"

"Baba tulimzika kabla ya Pasaka."

Aliniachia mkono. Alitazama maharage yale muda mrefu, mwenye maharage akadhani anachagua, akaanza kumtajia sifa zake.

"Nilikuwa nangoja aibu ipungue kwanza," akasema. "Nilijua itapungua. Kila mwaka nilisema bado kidogo."

Ningeweza kumwambia kwamba baba alikuwa amesahau, lakini isingekuwa kweli. Mama Uhamisho ndiye aliyesema, "Mama yako yuko nyumbani?" na nilipoitikia, akanunua mkungu wa ndizi bila kubishana bei, akasema, "Twende."

Tulipata lifti ya gari la mtu aliyekuwa anapeleka mbolea. Tulipofika mteremko wa kwetu alisimama kidogo, akajipangusa viatu kwenye majani, akatazama paa la nyumba, na nilidhani ataniambia kwamba amesahau jambo sokoni. Akateremka mbele yangu.

Mama yangu alikuwa nje na binti wa jirani, wanamenya ndizi za jioni. Aliinua macho, akamtazama mgeni, akatazama mkungu mabegani pangu.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo, lakini Mama Uhamisho aliwahi. Alipiga goti, kama msichana mbele ya wakwe. "Ni mimi wa kampuni, mama. Ndiye niliyesema nitakuja Jumapili."

Mama aliendelea kumenya ndizi aliyokuwa nayo mpaka ikaisha. Aliitia kwenye sufuria ya maji.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimechelewa."

Binti wa jirani alinyanyuka akaingia ndani. Kigoda chake kikabaki wazi, na juu yake kisu, kimejaa utomvu. Mama yangu alikitazama kigoda, kisha akamtazama yule mwanamke aliyepiga goti kwenye udongo wenye unyevu.

"Zimebaki nyingi," akasema. "Chukua kisu."